Uso na shingo ya mtoto huumbikaje tumboni? Na mdomo au kaakaa lisipofunga, ufanye nini?

Makala haya ni kwa mama mjamzito, mama aliyejifungua, na yeyote anayelea mtoto mchanga: baba, bibi, shangazi, mama mkwe au dada wa kazi. Yanaeleza jinsi kichwa, uso na shingo ya mtoto vinavyoumbika, kwa nini wakati mwingine mtoto huzaliwa na mdomo wazi au kaakaa lililo wazi, na namna ya kumsaidia tangu siku ya kwanza.

Kwa kifupi

- Uso wa mtoto hutokana na vipande vinavyokua vikielekeana na kuungana. Kazi kubwa ya kuungana huisha kufikia mwisho wa mwezi wa tatu wa mimba.
- Vipande visipoungana, mtoto huzaliwa na mdomo wazi, kaakaa wazi, au vyote viwili. Si uchawi, si laana, na si kosa la mama.
- Hatari ya kwanza kwa mtoto huyu si mwonekano wake. Ni njaa. Mtoto mwenye kaakaa wazi huweza kukaa titini saa nzima asipate maziwa ya kutosha.
- Mdomo wazi na kaakaa wazi hutibika kwa upasuaji.

Kwanza, tuelewane kuhusu wiki

Kliniki huhesabu mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Lakini mimba yenyewe hutungwa takribani wiki 2 baada ya siku hiyo. Katika makala haya tunahesabu tangu mimba ilipotungwa. Ukitaka kulinganisha na kadi yako ya kliniki, ongeza wiki 2. Ukisoma "wiki ya 4" hapa, kwenye kadi ni kama wiki ya 6.

Hili ni muhimu kwa sababu moja. Wiki ya 4 ni wakati ambao wanawake wengi ndio kwanza wanaona hedhi imechelewa. Mambo mengi ya uso huanza kabla mama hajajua kuwa ana mimba.

Wiki ya 3 na ya 4: ubongo hutangulia

Mwanzoni mtoto ni bapa, kama kijikaratasi chenye tabaka. Mgongoni mwake hutokea mfereji. Kingo za mfereji huo huinuka, hukutana, na kufunga kuwa mrija. Mrija huu ndio huwa ubongo na uti wa mgongo. Kwa kawaida huwa umefunga kufikia siku ya 28.

Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofunga upande wa juu, sehemu kubwa ya ubongo na fuvu haiumbiki, na mtoto huyo hawezi kuishi muda mrefu baada ya kuzaliwa.

Kando ya mrija huo huondoka seli nyingi zinazosafiri kuja mbele. Hizo ndizo zinazojenga sehemu kubwa ya mifupa ya uso na taya. Kwa hiyo uso hujengwa na seli zilizotoka mbali. Zikipungua au zikichelewa njiani, kuna kipande ambacho hakitakua vya kutosha kumfikia mwenzake.

Wiki ya 4 hadi ya 7: vipande vya uso hukutana

Uso huanza na vivimbe vitano kuzunguka tundu la mdomo: kimoja juu, ambacho hutoa paji la uso na pua; viwili pembeni, ambavyo hutoa mashavu na taya la juu; na viwili chini, ambavyo hutoa taya la chini na kidevu. Wakati huo macho yako pembeni mwa kichwa, na pua ni vishimo viwili vilivyo mbali kwa mbali.

Kisha vipande vyote huanza kusogea katikati. Ni kama fundi cherehani anavyochukua vipande vya gauni na kuviunganisha mshono baada ya mshono. Vipande vya pembeni husukuma pua ije katikati, macho huja mbele, na mdomo wa juu hufunga. Kufikia wiki ya 7, mdomo wa juu kwa kawaida umeshaungana.

Pitisha kidole chako chini ya pua yako. Utagusa mfereji mdogo wenye matuta mawili, kushoto na kulia. Kila mtu anao. Ni sehemu hiyo ambapo vipande viliungana. Ndiyo maana mdomo wazi mara nyingi hutokea upande mmoja wa mfereji huo, au pande zote mbili, na ni nadra kutokea katikati kabisa.

Wiki ya 7 hadi ya 12: kaakaa hufunga

Kaakaa ni dari ya mdomo inayotenganisha mdomo na pua. Hutokana na vibao viwili laini vinavyoota kutoka pande mbili za taya la juu. Mwanzoni vibao hivyo hushuka wima, ulimi ukiwa umejaa katikati yao. Taya la chini linapokua, ulimi hupata nafasi na kushuka. Hapo vibao huinuka, hulala sawa na kuungana katikati, kuanzia mbele kwenda nyuma, kama zipu inavyofungwa. Sehemu ya mwisho kabisa ni kile kinyama kinachoning'inia kooni: kilimi, ambacho wengi wetu hukiita kimeo.

Kwa kuwa mdomo na kaakaa hufunga kwa nyakati tofauti, mtoto anaweza kuwa na:

- mdomo wazi peke yake;
- mdomo na kaakaa wazi pamoja;
- kaakaa wazi peke yake, huku uso ukionekana mzima kabisa.

Hali hii ya tatu ndiyo inayopita bila kuonekana. Tutairudia.

Baadhi ya watoto huwa na taya dogo sana la chini. Ulimi hubaki juu na kuzuia vibao visikutane. Mtoto huyu huzaliwa na kidevu kidogo, kaakaa wazi, na ulimi unaoangukia nyuma kooni. Akilala chali anaweza kushindwa kupumua. Huyu anahitaji hospitali mara moja, na njiani abebwe akiwa amelazwa kifudifudi au ubavu, huku mtu akimwangalia muda wote.

Masikio na shingo

Katika wiki ya 4 na ya 5, pembeni mwa shingo ya mtoto hutokea matuta yaliyopangana, na kati ya tuta na tuta kuna mfereji. Tuta la kwanza hutoa taya na baadhi ya vifupa vidogo vya sikio la kati. La pili husaidia kujenga misuli tunayotumia kutabasamu na kufumba macho. Yanayofuata hujenga sehemu za koo na za sanduku la sauti.

Sikio la nje huanzia chini, karibu na shingo, kutokana na vinundu vidogo sita. Taya linapokua, sikio hupanda hadi mahali pake. Vinundu visipoungana vizuri, mtoto huzaliwa na kinyama kidogo au kitundu mbele ya sikio. Mara nyingi havina madhara. Mwonyeshe mhudumu wa afya, na kama sikio ni dogo sana au halina tundu, omba mtoto apimwe usikivu mapema.

Mifereji ya shingo nayo hufunikwa. Usipofunika vizuri mmoja wao, hubaki kitundu kinachotoa majimaji, au uvimbe laini pembeni mwa shingo. Uvimbe huo unaweza kujitokeza miaka kadhaa baadaye, mara nyingi baada ya mafua.

Tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba huitwa rovu au goita, huanzia kwenye shina la ulimi na kushuka hadi mbele ya shingo. Njia yake isipojifunga, huweza kubaki uvimbe katikati ya shingo unaopanda mtoto anapotoa ulimi nje au anapomeza.

Vimbe hizi usizikamue, na usikubali zichanjwe kwa wembe. Zitarudi, na zinaweza kupata usaha. Pia si kila uvimbe wa shingo ni wa kuzaliwa nao: tezi zilizovimba kwa kifua kikuu huonekana shingoni pia. Mpeleke mtoto apimwe. Kabla ya kuondoa uvimbe wa katikati, daktari huhitaji kipimo cha ultrasaundi kuhakikisha kuwa tezi yenyewe ipo mahali pake.

Kwa nini vipande havikuungana?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila mama. Majibu anayopewa mtaani ni mengi: alimcheka mlemavu, alishika kisu jua lilipopatwa, amerogwa, au alitoka nje ya ndoa. Hakuna hata moja lenye ukweli. Uso hujengwa na seli, na seli hazijui nani alimcheka nani.

Ukweli ni kwamba kwa watoto wengi hakuna sababu moja. Ni mchanganyiko wa mambo ya kurithi, kutoka upande wa baba au wa mama, na mazingira ya wiki zile za mwanzo. Yanayojulikana kuongeza uwezekano ni haya:

- uvutaji wa sigara na unywaji wa pombe wakati wa mimba;
- kisukari cha mama kisichodhibitiwa kabla na mwanzoni mwa mimba;
- baadhi ya dawa za kifafa, kama sodiamu valproeti, fenitoini na topirameti;
- dawa ya chunusi ya isotretinoini.

Kama unatumia dawa ya kifafa, usiiache mwenyewe. Degedege wakati wa mimba ni hatari kwako na kwa mtoto. Nenda kwa daktari kabla ya kushika mimba, akuchagulie dawa na dozi inayofaa.

Makadirio mengi duniani ni kati ya mtoto 1 kwa kila 700 na mtoto 1 kwa kila 1,500. Wazazi wasio na hali hii wakipata mtoto mmoja mwenye mdomo wazi, uwezekano wa anayefuata kuwa nayo ni takribani watoto 2 hadi 5 katika kila 100. Maana yake ni kwamba wengi sana watazaliwa bila tatizo hilo.

Unachoweza kufanya mapema

Anza foliki asidi kabla ya mimba. Dozi ya kawaida ni maikrogramu 400 kila siku, hadi wiki ya 12 ya mimba. Imethibitika kupunguza mgongo wazi na matatizo ya ubongo yanayofanana nao. Kwa mdomo wazi ushahidi hauna nguvu kiasi hicho, lakini sababu ya kwanza inatosha kuitumia. Kama uliwahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, mwambie daktari, maana utahitaji dozi kubwa zaidi.

Vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki vina foliki asidi ndani yake. Shida ni kwamba wengi huenda kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano, na mrija wa ubongo ulishafunga zamani. Ndiyo maana tunasisitiza: ukipanga kushika mimba, au ukiacha uzazi wa mpango, uliza foliki asidi siku hiyohiyo.

Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi mwaka 2011, na Kenya mwaka 2012. Lakini mahindi unayosaga mwenyewe kwenye mashine ya mtaani kwa kawaida hayajaongezwa kitu. Kula mboga za majani, maharage na kunde, lakini usiache vidonge kwa sababu hiyo.

Ultrasaundi ya wiki 18 hadi 22 kwa hesabu ya kliniki inaweza kuonyesha mdomo wazi. Kaakaa wazi peke yake mara nyingi haionekani.

Siku ya kwanza: mwangalieni ndani ya mdomo

Kila mtoto anapozaliwa, kaakaa lake linapaswa kuangaliwa kwa tochi, ulimi ukiwa umeshushwa, hadi nyuma kwenye kilimi. Kupapasa kwa kidole peke yake kunaweza kukosa tundu lililo nyuma. Ukiwa wodini una haki ya kuuliza: "Nesi, umeangalia kaakaa la mtoto?" Kama ulijifungulia nyumbani au njiani, uliza siku utakayompeleka kliniki, na usingoje siku ya chanjo inayofuata.

Shuku kaakaa wazi ukiona:

- mtoto ananyonya muda mrefu, analala kwa kuchoka, kisha analia tena baada ya muda mfupi;
- maziwa yanatokea puani mara kwa mara;
- unasikia sauti ya "twa, twa" anaponyonya, na titi halipungui;
- uzito haupandi.

Ili mtoto anyonye, mdomo wake lazima ufunge hewa na kuvuta. Dari ikiwa na tundu, hewa huingia kupitia puani na mvuto hupotea, kama mrija wa soda uliotoboka.

Jinsi ya kumlisha

*Mdomo wazi peke yake.* Wengi huweza kunyonya titi. Mkalishe wima kidogo, na uliweke titi lizibe ile nafasi. Unaweza pia kuiziba kwa kidole chako kisafi.

*Kaakaa wazi.* Wengi hawawezi kupata maziwa ya kutosha titini. Maziwa yako bado ndiyo bora kwake. Kinachobadilika ni njia tu.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Kamua maziwa kwa mkono kwenye chombo kisafi, angalau mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo, ili yasikauke.
2. Mshike mtoto akiwa wima, kichwa na shingo vikiwa vimeegemezwa. Usimlishe akiwa amelala.
3. Tumia kikombe kidogo kisafi au kijiko. Gusisha maziwa kwenye mdomo wa chini, umwache ayavute kwa ulimi. Usimmiminie.
4. Pumzika mara kwa mara na umcheulishe, kwa sababu humeza hewa nyingi.
5. Mlo mmoja usizidi dakika 30. Ukizidi, anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata.

Maziwa kidogo yakitoka puani, usiogope. Simamisha, mfute, mwinue zaidi, kisha endelea.

Baada ya wiki ya kwanza, mtoto huhitaji takribani mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa kilo 3 anahitaji mililita 450, yaani kama mililita 55 kila mlo kwa milo 8. Muulize nesi akuonyeshe kipimo hicho kwenye kikombe chako mwenyewe.

Mpime uzito kila wiki mwanzoni. Watoto wengi hupungua siku chache za kwanza, lakini kufikia wiki 2 anapaswa kuwa amerudia uzito wa kuzaliwa.

Nyumbani wanaweza kukuambia umpe uji au maziwa ya ng'ombe kwa sababu "titi limemshinda". Mjibu mkubwa wako kwa heshima: "Mama, kaakaa lake ndilo halijafunga, tumbo lake halina shida. Maziwa yangu anayapata kwa kikombe." Kisha mwonyeshe namna ya kumlisha, ili naye awe msaidizi wako wa zamu ya usiku.

Kuhusu kukata kimeo

Mtoto mwenye kaakaa wazi hukohoa, hupaliwa na huchelewa kunenepa. Wengine husema ana kimeo, na humpeleka akatwe. Usikubali. Kukata kimeo huweza kuleta kutokwa damu nyingi, maambukizi na pepopunda. Tena, kilimi kilichogawanyika mara mbili kinaweza kuwa dalili ya kaakaa lisiloungana chini ya ngozi yake laini. Mtoto huyo anahitaji daktari, wala si kisu cha mtaani.

Matibabu

Mdomo kwa kawaida hurekebishwa mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6, akiwa na uzito wa kutosha, takribani kilo 5, na asiwe na upungufu wa damu. Kaakaa hurekebishwa kati ya miezi 9 na 18, ili awahi kabla hajaanza kuongea sana. Kwa hiyo kila gramu unayomwongezea kwa kikombe inamsogeza karibu na upasuaji. Chanjo zote apate kwa wakati wake kama watoto wengine.

Nchini Tanzania upasuaji huu hufanyika katika hospitali kama Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Mashirika kama Smile Train hugharimia upasuaji katika hospitali zinazoshirikiana nayo, hapa na nchi jirani. Uliza kabla ya kukata tamaa kwa sababu ya pesa. Aliyechelewa naye hutibiwa, hata akiwa mtu mzima.

Baada ya upasuaji, fuatilia usikivu, matamshi na meno. Watoto wenye kaakaa wazi hupata majimaji nyuma ya ngoma ya sikio mara nyingi, na mtoto asiyesikia vizuri huchelewa kuongea.

Tafadhali tuseme "mdomo wazi" badala ya "mdomo sungura". Mtoto atakua na kusikia tunavyomwita.

Nenda kituo cha afya leo ukiona

- mtoto anapumua kwa haraka, kifua kinabonyea, au midomo na ulimi vinakuwa vya bluu;
- anapaliwa na kukohoa kila mlo;
- anakojoa chini ya mara 6 kwa siku baada ya wiki ya kwanza;
- amelegea, hataki kula, au ana homa;
- hajarudia uzito wa kuzaliwa akiwa na wiki 2;
- ana uvimbe shingoni unaokua, wenye joto, au unaotoa usaha.

Nenda na kadi ya kliniki na kikombe unachotumia kumlishia, ili mhudumu aone jinsi anavyokula.